Kutandika, Kukunja na Kutandua: Uhakiki wa Istilahi za Huduma ya Usiku katika Meli za Utalii

Baadhi ya istilahi humfikia mfasiri zikiwa na sura ya wepesi, hata akadhani kwamba hazistahili kumchukulia muda. Miongoni mwake ni zile zinazohusu huduma ya vyumba katika meli za utalii, hasa ile huduma ya usiku ambayo Waingereza huiita "turndown". Katika makala hii tunakusudia kuzipima njia ambazo wafasiri huzifuata wanapoitafutia huduma hiyo jina la Kiswahili, kuonyesha kasoro za kila njia, na kutoa pendekezo letu. Tutaonyesha pia kwamba jina hilo halisimami peke yake. Linafuatana na maneno mengine matatu au manne ambayo, yakifasiriwa vibaya, humdhuru mtu: humnyima mapumziko yake, humpotosha katika hesabu ya malipo yake, na pengine humtoa kabisa katika kundi la watu wanaolindwa na sheria.

1. Jambo lenyewe

Haifai kutafuta jina kabla ya kukifahamu kitu. Katika meli kubwa za utalii, desturi ya miaka mingi imekuwa kukihudumia chumba cha abiria mara mbili kwa siku. Asubuhi mhudumu huingia akatandika kitanda, akafagia, akasafisha bafu na choo na kubadilisha taulo. Usiku, abiria wawapo mezani au katika ukumbi wa michezo, huingia tena. Safari hii huondoa lile tandiko la urembo lililofunika kitanda, hufunua shuka ya juu na blanketi pembeni ili anayekuja kulala asisumbuke kuzichomoa, huipanga mito, hufunga mapazia, huwasha taa ndogo ya kando ya kitanda, huondoa taulo zilizolowa, huacha ratiba ya kesho, na mara nyingi huweka chokoleti juu ya mto. Katika baadhi ya meli huikunja taulo ikawa tembo, tumbili au bata, akamwacha mnyama huyo kitandani awafurahishe watoto.

Yafaa ikumbukwe kwamba desturi hii imeanza kupungua. Mwanzoni mwa mwaka 2023 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilitangaza kwamba vyumba vyake vingi vitahudumiwa mara moja tu kwa siku, na makampuni mengine nayo yamefuata mkondo huo. Hata hivyo, huduma ya usiku haijatoweka: imebaki katika vyumba vya daraja la juu, katika meli za ghali zaidi, na katika hoteli nyingi za nchi kavu, zikiwamo hoteli za pwani yetu. Katika hoteli za Unguja, kwa mfano, kazi hiyo huongezewa jambo ambalo melini halina haja, nalo ni kuteremsha chandarua na kukichomekea chini ya godoro.

2. Je, kazi hii ni ya lazima?

Wapo watakaouliza: kuna haja gani ya kulishughulikia jina la starehe ya matajiri, ilhali maabara, mahakama na karakana zetu bado zina upungufu wa istilahi? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba istilahi hii haimhusu sana anayelala. Yeye hana haja ya jina. Hukuta kitanda kimekwisha kutengenezwa. Anayelihitaji jina ni mtengenezaji. Vijana wa Kenya na wa Tanzania huajiriwa katika meli za utalii, nao huletewa mikataba, ratiba za zamu na maagizo ya kazi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, uliopitishwa Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani na kuanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, unaagiza kwamba baharia apewe nafasi ya kuuchunguza mkataba wake wa ajira na kutafuta ushauri kabla hajatia sahihi. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2014, na Tanzania iliuridhia mwaka 2019. Sasa, mtu atauchunguzaje mkataba ambao maneno yake hayaelewi? Na anayemshauri, awe ni mwalimu wa chuo, ofisa wa kazi au jamaa yake, atamshauri kwa maneno gani?

Zaidi ya hayo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ikizuka daawa juu ya saa za kazi, maneno tunayoyachagua leo ndiyo yatakayosomwa mbele ya hakimu.

3. Njia nne na kasoro zake

Mfasiri anayeletewa jina hili huona njia nne mbele yake. Sisi tumekwisha kuziona zote zikijaribiwa.

Njia ya kwanza ni kutohoa. Matokeo yake ni "tandauni". Kutohoa si dhambi. Lugha yetu imetohoa meza, shule na chokoleti, na hakuna aliyelalamika. Lakini neno la kutoholewa hufaa pale ambapo sikio la Mswahili halilipi maana isiyo yake. "Tandauni" hulichanganya sikio hilo mara mbili: mwanzo wake unasikika kama kitenzi "tanda", na mwisho wake ni kile kiambishi cha mahali tunachokijua katika "nyumbani" na "shambani". Msikilizaji atauliza tandau ni nini, na iko wapi.

Njia ya pili ni kufasiri neno kwa neno: "huduma ya kukunja chini". Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na sababu yake tutaieleza kwa urefu kidogo. Katika nyumba ya Kizungu kitanda hutandikwa asubuhi kikakaa hivyo mchana kutwa, na usiku hukunjuliwa pembe. Katika nyumba nyingi za kwetu, ambamo watu wamelala juu ya mkeka au jamvi tangu zamani, mambo yako kinyume. Usiku ndipo mtu atandikapo. Asubuhi ndipo akunjapo. Mgeni akiingia baada ya isha, mwenye nyumba humwambia mwanawe, "Mtandikie mgeni apumzike." Kulipokucha, mkeka hukunjwa ukaegeshwa ukutani. Ndiyo sababu kukunja jamvi kumekuwa ni usemi wa kumaliza shughuli: arusi ikiisha, mkutano ukiisha, watu husema jamvi limekunjwa. Basi mfasiri anayeandika kwamba mhudumu "hukunja" usiku ameigeuza desturi juu chini. Kwa Kiswahili, anayekukunjia usiku anakufukuza.

Njia ya tatu ni "kutandua kitanda". Anayeichagua ameona, na ameona sawa, kwamba kitendo cha usiku kwa namna fulani ni kinyume cha kitendo cha asubuhi. Kwa hiyo amechukua kile kiambishi cha kutengua kinachofanya "funga" iwe "fungua" na "ziba" iwe "zibua". Lakini "kutandua" kuna maana yake iliyokwisha kukaa: ni kuondoa matandiko yote, kama afanyavyo dobi anayetaka shuka za kufua au mgonjwa aliyehamishwa wodi. Mwanafunzi aliyeagizwa "tandua vitanda saa mbili usiku" ataacha magodoro matupu, na kosa halitakuwa lake.

Njia ya nne ni "huduma ya jioni". Hii ndiyo inayopendwa zaidi, kwa kuwa haina sura ya kigeni. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, ni pana mno: chakula, muziki na kinywaji navyo ni huduma za jioni. Pili, haisemi kweli kuhusu wakati. Kwa Kiingereza jioni hujinyoosha hadi karibu na wakati wa kulala. Jioni yetu huishia magharibi. Kweli, salamu ya "habari za jioni" hujikokota hata baada ya jua kuchwa, lakini katika kutaja saa hakuna mashaka: twasema saa kumi na mbili jioni, kisha saa moja usiku. Hakuna asemaye saa mbili jioni. Huduma tunayoizungumzia hufanywa wakati wa chakula cha usiku, aghalabu kati ya saa kumi na mbili na saa tatu au nne. Ratiba ikiandikwa "kazi ya jioni", msomaji ana haki ya kudhani kwamba jua likichwa amemaliza.

4. Pendekezo letu

Jina linalofaa limekuwamo nyumbani muda wote. Ni kitenzi kile kile cha mwenye nyumba: kutandika, na katika kauli ya kutendea, kumtandikia mgeni. Tunapendekeza huduma hii iitwe "utandikaji wa usiku", na ile ya asubuhi "utandikaji wa asubuhi".

Tunaona faida tatu. Istilahi hizi ni jozi, na jozi husaidia kukumbuka: anayeijua moja ameijua ya pili. Zinazalika: tunapata "zamu ya utandikaji wa usiku", "mtandikaji", "aliyetandikiwa". Na zinaeleweka kwa mtu asiyepata kuiona meli ya utalii maishani mwake. Patakapokuwa na haja ya kutaja kile kitendo kimoja cha kuivuta shuka pembeni, "kufunua shuka" kunatosha.

Pingamizi tunalolitazamia ni hili: iwapo asubuhi ni kutandika na usiku ni kutandika, mtu atajuaje kwamba kazi si moja? Jibu ni kwamba tofauti inabebwa na wakati, kama vile "chakula cha mchana" na "chakula cha usiku" si chakula kimoja ingawa vyote ni chakula. Ufafanuzi wa yaliyomo ndani ya kila kazi ni shughuli ya mwongozo wa kazi. Istilahi haitakiwi kubeba maelezo yote. Inatakiwa imfikishe msomaji mahali pasipo na utata.

5. Jina la mtenda kazi

Baada ya kazi huja mtu. Majina ya watumishi wa vyumba katika lugha yetu yana historia isiyopendeza. "Boi" lilikuwa jina la mtu mzima mwenye watoto. "Topasi", ambalo katika mabaharia wa Kihindi lilimtaja mfagiaji wa melini, kwetu lilibaki kwa msafisha vyoo na likageuka tusi. Hayo tuyaache yalipo. "Mhudumu wa chumba" ni jina zuri, nasi tunaliunga mkono.

Lakini halitoshi, na hapa pana jambo zito. Katika fikira za watu wengi, baharia ni yule aliye kwenye usukani, kwenye kamba au katika chumba cha mitambo. Siku hizi vijana wa mitaani wamelipa neno hilo na maana nyingine za utani. Mtu anayetandika vitanda huonekana kuwa mfanyakazi wa hoteli aliyebahatika kuwa juu ya maji. Sheria haimtazami hivyo. Mkataba wa mwaka 2006 unamhesabu kuwa baharia kila mtu aliyeajiriwa au anayefanya kazi ya namna yoyote ndani ya meli inayohusika na mkataba huo. Mfasiri anayeandika "mabaharia na wahudumu", kana kwamba ni makundi mawili, amemtoa mhudumu nje ya ulinzi wa kila kifungu kinachotaja mabaharia peke yao.

Wala si suala la karatasi tu. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ilikuwa saa tatu na dakika 45, wakati ambapo abiria wengi wako mezani na watandikaji wako katika zamu. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 4,200. Waliokufa ni 32, na 5 kati yao walikuwa wafanyakazi wa meli. Katika kazi ya kuwaelekeza abiria kwenye mashua za kuokolea walikuwamo wapishi, wahudumu wa meza na wahudumu wa vyumba. Mabaki ya mtu wa mwisho kupatikana, mwaka 2014, yalikuwa ya mhudumu wa meza kutoka India. Mtu wa namna hiyo akiitwa baharia, hapewi heshima ya bure. Anaitwa jina lake.

Kwa hiyo tunashauri: katika maelezo ya kawaida, "mhudumu wa chumba", katika mikataba na sheria, "baharia wa huduma za vyumba", au "mabaharia, wakiwamo wahudumu".

6. Mapumziko na kituo

Neno linalotutia wasiwasi kuliko yote ni "mapumziko". Sisi hulitumia kwa dakika kumi za chai, kwa nusu saa ya wanafunzi, kwa katikati ya mchezo wa mpira, na kwa usingizi wa usiku. Katika mazungumzo hakuna madhara. Katika mkataba wa baharia madhara ni makubwa, kwa kuwa sheria imetenga vitu viwili: saa za mapumziko, ambazo ni muda wote ulio nje ya saa za kazi, na vile vikomo vifupi vya katikati ya kazi, ambavyo inasema waziwazi kwamba havihesabiwi kuwa mapumziko.

Kiwango cha mkataba ni kwamba, pale mapumziko yanapotumiwa kuwa kipimo, yasipungue saa 10 katika kila saa 24, wala saa 77 katika kila siku 7. Saa hizo zaweza kugawanywa mafungu mawili, si zaidi, na fungu moja lisipungue saa 6. Tuchukue mfano. Mhudumu anaanza kazi saa moja asubuhi, na kwa sababu ya utandikaji wa usiku anamaliza saa tano usiku. Usiku wake una saa 8. Zimebaki saa 2, nazo hana budi kuzipata mchana kwa fungu moja. Msimamizi akimpa nusu saa mara nne, mbili kabla ya chakula na mbili baada yake, na karatasi ya Kiswahili ikaziita zote "mapumziko", msomaji atajumlisha: 8 na 2 ni 10, sheria imetimizwa. Kumbe haikutimizwa hata kidogo. Zile nusu saa nne hazihesabiwi, na hata zingehesabiwa mafungu yangekuwa matano.

Neno moja la Kiswahili limefanya kosa ambalo hesabu isingelifanya. Tunapendekeza "saa za mapumziko" liwekwe kwa maana ya kisheria peke yake, na kikomo kifupi kiitwe "kituo", kama vile msomaji anavyotua kwenye nukta kisha akaendelea. "Kituo cha chai" hakiwezi kudhaniwa kuwa usingizi.

7. Bakshishi na kiinua mgongo

Mfano wa mwisho ni mfupi. Neno la Kiingereza "gratuity" lina maana mbili: fedha anayoitoa mgeni kwa kuridhika na huduma, na malipo anayopewa mtumishi akimaliza muda wake wa kazi. Mfasiri wa ofisi za serikali amezoea maana ya pili, naye huandika "kiinua mgongo" bila kusita. Lakini katika meli za utalii jambo linalokusudiwa karibu siku zote ni lile la kwanza: kiasi kinachoongezwa kila siku kwenye hesabu ya abiria kwa ajili ya wahudumu. Kijana atakayesoma kwamba mkataba wake una kiinua mgongo atavumilia miezi yote akitumaini fungu la mwisho ambalo halipo. Neno sahihi ni "bakshishi". "Takrima" tungeliepuka, kwa kuwa katika siasa za Tanzania limeingiliwa na harufu ya rushwa tangu mabishano ya sheria ya uchaguzi yaliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2006.

Jambo hili linagusa pia jina la abiria mwenyewe. Makampuni hupenda kumwita "mgeni". Katika matangazo lisizuiwe. Katika mkataba aitwe "abiria", kwani mgeni wa Kiswahili ana wajibu: siku ya tatu hupewa jembe. Abiria wa meli ya utalii hata siku ya kumi bado anatandikiwa.

8. Muhtasari

Tunawaomba wafasiri, walimu wa vyuo vya bahari na vya hoteli, na maofisa wa kazi, wayajaribu mapendekezo haya na kutuletea maoni yao:

(a) "Utandikaji wa asubuhi" na "utandikaji wa usiku" kwa huduma mbili za chumba. "Kufunua shuka" kwa kitendo kimoja. "Tandauni", "kukunja chini", "kutandua" na "huduma ya jioni" yasitumiwe kwa maana hii.

(b) "Mhudumu wa chumba" katika maelezo ya kawaida; "baharia" kila mahali ambapo haki za kisheria zinahusika.

(c) "Saa za mapumziko" kwa maana ya sheria peke yake. "Kituo" kwa kikomo kifupi.

(d) "Bakshishi" kwa fedha ya abiria. "Kiinua mgongo" kwa malipo ya mwisho wa utumishi.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Tunachodai ni kwamba kipimo cha istilahi ya kazi ni mtu anayeifanya kazi hiyo. Akiweza kuisoma karatasi yake mwenyewe, akahesabu saa zake mwenyewe, akajua anachodai na asichodai, istilahi imefaulu. Asipoweza, haitatufaa kitu kwamba neno lilitohoka vizuri au lilipendeza vitabuni.